Hapana ya Roswitha Havenith

Nimekuwa bawabu wa bunge letu la Eupen, bunge la Wabelgiji tunaosema Kijerumani, kwa miaka ishirini na mmoja. Bawabu hahesabiwi kuwa mtu. Wabunge wakifika mlangoni kwangu hawanyamazi, wanaendelea kusengenyana tu utadhani mimi ni kabati la makoti. Ndiyo maana nayajua haya, na nimeamua kuyaandika mwenyewe kwa sababu waandishi waliotoka Brussels kuulizia habari za Roswitha Havenith walirudi kuandika kwamba ni mkulima mkaidi wa mpakani. Si mkulima. Ni dereva. Habari ya ukaidi sibishani nao.

Alizaliwa Kettenis, nyumba ya tatu kutoka kanisani, baba fundi kiwandani, mama mpishi wa shule. Aliolewa na Ewald, fundi bomba mpole aliyecheka kwa pua, wakapata mabinti wawili, na Ewald alipofariki Roswitha alikuwa na miaka hamsini na miwili. Wiki mbili baada ya mazishi alikwenda kuomba kazi ya kuendesha basi dogo la wazee, lile lenye jukwaa la kupandishia viti vya magurudumu. Asubuhi huwachukua wazee vijijini, huwapeleka kliniki, kwa daktari wa macho, kwa msusi, na mchana huwarudisha. Bunge letu ni la watu wenye kazi nyingine. Tunakaa Jumatatu saa kumi na moja jioni, watu wakishatoka makazini mwao, na Roswitha, naye mbunge, huja na koti lake la kazi, funguo za basi zikining'inia kiunoni.

Sasa nieleze ukaidi wake ulikotoka, maana haukuanguka kutoka mbinguni. Baada ya vita vya kwanza, sisi wa huku tulitolewa Ujerumani tukatiwa Ubelgiji, na ikasemwa tuulizwe maoni. Tuliulizwa hivi: kitabu kiliwekwa ofisini, na asiyekubali aje aandike jina lake mbele ya ofisa. Asiyeandika amekubali. Watu waliogopa kufukuzwa, waliogopa kunyimwa mgao wa chakula, na kati ya watu zaidi ya elfu thelathini, walioandika majina hawakufika mia tatu. Babu yake Roswitha alikwenda. Alifika hadi mlangoni, akamwona bosi wake ameketi pembeni ya ofisa, akageuka. "Nikarudi nyumbani nikala viazi," alikuwa akimsimulia mjukuu wake, "na wao wakaandika kwamba nimekubali." Mzee huyo hakuichukia Ubelgiji, aliishia kuipenda. Alichokichukia mpaka anaingia kaburini ni kuhesabiwa kuwa amekubali wakati hakufungua mdomo.

Mjukuu akaubeba uchungu huo. Spika wetu akisema, "Hakuna pingamizi, limepita," Roswitha husimama. "Naomba mikono ihesabiwe." Alihesabisha mikono kuhusu barabara, kuhusu shule za awali, na mara moja kuhusu mapazia ya ukumbi, ambayo yeye mwenyewe aliyataka yabadilishwe. Wenzake waliguna. Wengine walimwita Bibi Kikokotoo, na si kwa siri.

Basi ukaja mkataba. Wakubwa wa Umoja wa Ulaya walikuwa wamevutana miaka, hatimaye wakakubaliana kuipunguza kura ya turufu: mambo mengi ambayo zamani serikali moja ikisema hapana yalikufa papo hapo, sasa yangeamuliwa kwa wingi. Lakini mkataba wa namna hiyo lazima kila nchi iukubali, na Ubelgiji, kwa jinsi tulivyoitengeneza wenyewe, haiwezi kukubali mpaka mabunge yake yote yakubali, pamoja na letu sisi tusiofika watu laki moja. Kwa hiyo turufu ya kuiua au kuiacha turufu ilikuwa kwa watu ishirini na watano wa Eupen, mmojawao dereva wa basi la wazee.

Mwezi wa kwanza peke yake niliwafungulia mlango mabalozi watatu na bwana mmoja wa Brussels aliyeleta maboksi ya chokoleti. Roswitha aliyatazama maboksi yale mezani kwangu.

"Egon," akaniambia, "wewe umeshika mlango huu miaka yote. Uliwahi kuwaona hawa?"

"Hata mmoja."

"Na siku tukishawakabidhi haki yetu ya kusema hapana, utawaona tena?"

"Chokoleti ni nzuri lakini," nikasema, maana nilikuwa ninayo mdomoni.

Upande wa pili, upande wa ndiyo, alikuwepo Leonhard Kockartz, mwalimu mstaafu wa hesabu, umri miaka sabini na minne, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alimfundisha Roswitha tangu binti huyo akiwa na miaka kumi na minne, na mpaka leo Roswitha anamwita Mwalimu. Walikuwa wakibishana pale mlangoni kwangu kila Jumatatu, koti moja mkononi, jingine begani.

"Mwalimu, mtu mdogo akikosa hapana anabaki na nini?"

"Rosi, hapana si yako peke yako. Wote wanayo. Umesahau yale makubaliano ya magari ya wagonjwa kuvuka mipaka? Nchi zote zimekubali, hospitali zimekubali, madereva kama wewe mmekubali. Serikali moja huko mbali ikakataa miezi tisa, kwa nini? Samaki. Ilikuwa imekasirikia samaki."

"Huenda samaki walikuwa na maana kwao."

"Na mgonjwa aliyesubiri gari upande huu wa mpaka, naye hakuwa na maana?"

Hoja hiyo ilimwuma Roswitha, maana wagonjwa wale ni abiria wake. Lakini hakubadilika. Nami nilikuwa nawasikiliza, nikimkubali anayesema kwa wakati ule, kisha mwingine akisema namkubali naye.

Siku kumi na mbili kabla ya kura, Leonhard aliteleza kwenye barafu akitoa takataka, akavunjika nyonga. Walimpeleka Aachen, ng'ambo ya mpaka, Ujerumani, akafanyiwa upasuaji. Na hapa lazima nieleze desturi yetu moja ambayo haijaandikwa popote. Kwetu hakuna kupiga kura kwa niaba ya mwenzako. Mbunge akiugua, humwomba mmoja wa upande wa pili naye akae nje siku hiyo, ili ugonjwa usibadilishe matokeo. Tunaita kufunga jozi. Hakuna karatasi wala shahidi, ni neno tu, na tangu nianze kazi sijaona mtu akilivunja.

Leonhard alimpigia simu Roswitha, ambaye wakati huo alikuwa akimteremsha bibi mmoja kwenye jukwaa la basi.

"Rosi, nyonga imekwenda."

"Pole Mwalimu. Ulikuwa unamkimbilia nani?"

"Pipa la takataka. Sikiliza, ile Jumatatu ya mkataba, utafunga jozi na mimi?"

"Mna kumi na tano, sisi kumi. Unanihitaji wa nini?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Haikupunguzii kitu, na mimi nitalala."

"Haya, nimekubali. Pona."

Hata dakika moja haikuisha. Baadaye aliniambia kwamba hilo ndilo kosa lake kubwa maishani, kutoa neno huku macho yako kwenye magurudumu ya mtu mwingine.

Kwa sababu Alhamisi, siku nne kabla ya kura, wafugaji wa ng'ombe walifanya mkutano mkali, na wabunge wawili wa ndiyo walitoka humo wakiwa wa hapana. Sasa ilikuwa kumi na tatu kwa kumi na mbili. Kumi na tatu ukimhesabu Leonhard aliyelala Aachen, kumi na mbili ukimhesabu Roswitha. Wote wawili wakikaa nje, ndiyo inapita, kumi na mbili kwa kumi na moja. Lakini Roswitha akija peke yake, inakuwa sare, na sare kwetu ni kushindwa. Mkataba umekufa, hapa kwetu na Ulaya nzima.

Ijumaa Gereon Halmes, kiongozi wa kundi lake, kijana wa viatu vya bei, alimngoja karibu na mashine ya kahawa, hatua nne kutoka mezani kwangu.

"Roswitha, utakuja Jumatatu?"

"Nimefunga jozi."

"Na mtu aliyelewa dawa za maumivu, kwa simu."

"Mimi sikuwa nimelewa."

"Sikiliza dada yangu. Umetuchosha miaka kumi na tano kwa kuhesabisha mikono. Mapazia umehesabisha. Leo imefika siku ambayo mkono wako mmoja una maana kuliko yote uliyowahi kuhesabisha, ndipo unataka kukaa nyumbani ufume soksi? Kumbukumbu zitaandika nini? Havenith, hakuwepo. Hakusema kitu."

Nilimwona Roswitha akibadilika rangi. Gereon alikuwa amemgusa pale penye kidonda, na alijua.

"Orodha ya wagombea wa uchaguzi wa Juni bado haijachapishwa," akaongeza taratibu.

"Ichapishe," Roswitha akasema, akaondoka bila kahawa yake. Niliinywa mimi.

Jumapili nilikwenda Aachen kumwona jirani, nikamkuta Roswitha amefika kabla yangu, ameleta mkate wetu wa wali wa maziwa, nusu umeshaliwa. Nikakaa kwenye kiti cha dirishani. Hawakunijali, nimeshasema bawabu si mtu.

"Mwalimu, niachie, nitoke kwenye neno langu."

"Sikuachii."

"Hata hujafikiri."

"Nafikiri tangu Alhamisi, silali. Nikikuachia, mimi ndiye niliyeuua mkataba niliouhangaikia, tena nikiwa kitandani, nimevaa gauni lililo wazi mgongoni."

"Na mimi nisipokuja nimekubali. Nitakuwa nimenyamaza, na wao watapita juu ya ukimya wangu."

"Rosi, mji mzima unajua unavyofikiri."

"Kujua kwao si kura."

"Basi livunje. Njoo kesho useme hapana yako, ushinde. Mimi siwezi kukuzuia kutoka hapa."

"Usinijaribu, Mwalimu."

"Sikujaribu. Naogopa."

Alisema hivyo hivyo, naogopa, mzee yule aliyekuwa akiwatetemesha watoto kwa kipande cha chaki. Roswitha akaweka sahani chini. Mimi nikaanza kuhesabu magari nje. Kisha nikamwona anatazama kona ya chumba, penye kiti cha magurudumu.

"Kile ni chako?"

"Cha kwendea mazoezi."

"Unaweza kukikalia muda gani?"

"Saa mbili. Tatu nikitukana. Kwa nini?" Halafu akaelewa, akajiinua kwa viwiko. "Rosi, ukinipeleka utashindwa."

"Hesabu naijua, ulinifundisha wewe."

"Kumi na tatu kwa kumi na mbili."

"Kumi na tatu kwa kumi na mbili. Lakini ndani ya ile kumi na mbili nimo mimi, kwa jina langu, kwa sauti yangu. Neno langu kwako halijavunjika, na mdomo wangu haujafungwa. Kupigwa nitapigwa, lakini nikiwa nimesimama."

Niseme ukweli, nilitaka kumwambia aache. Alikuwa na njia mbili mbele yake, moja ya kushinda kwa aibu na moja ya kukaa nyumbani kwa heshima, na yeye akajitengenezea ya tatu ambayo ndani yake hakukuwa na faida yoyote ninayoweza kuionyesha kwa kidole. Lakini alikuwa ameshasimama kwenda kumtafuta daktari.

Daktari alikuwa binti wa Aachen, kijana, amechoka.

"Bi. Havenith, huyu ana siku kumi na moja tu tangu afanyiwe upasuaji. Kwani ni harusi?"

"Ni kura."

"Kwa hiyo anakwenda kukupigia kura."

"Anakwenda kupiga dhidi yangu."

Daktari akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama mgonjwa. "Nyinyi watu wa Eupen," akasema, akaandika ruhusa ya kutoka kwa muda wa saa nne. Leonhard akatia saini kwamba lolote likitokea ni juu yake.

Jumatatu Roswitha aliwarudisha wazee wake makwao kama kawaida, kisha akavuka mpaka. Walipokuwa wakirudi wakakuta barabara inachimbwa karibu na mpaka, foleni haisogei. Huku kwetu kikao kilikuwa kimeanza. Saa kumi na moja na nusu wasemaji walikuwa wamemaliza, spika akatangaza kwamba majina yataitwa baada ya mapumziko ya dakika kumi. Gereon alikuja kusimama kwenye kioo cha mlango wangu, akitazama kilima, akitazama saa. Basi dogo jeupe lilipojitokeza kwenye kona, akacheka peke yake.

"Nilijua atakuja," akaniambia. "Mtu ni kumjulia tu."

Akatoka nje bila koti, mikono ameipanua kumpokea. Roswitha akashuka, akampita, akaenda nyuma ya basi, akafungua milango. Jukwaa likateremka polepole na mlio wake ule, na juu yake ameketi Leonhard Kockartz, tai shingoni, blanketi la hospitali magotini, uso mweupe kwa maumivu.

"Roswitha," Gereon akasema, "umefanya nini?"

"Nimekuja. Si ulitaka nije?"

"Umetuua."

"Shika mlango, Gereon. Kiti ni kizito."

Na Gereon akashika mlango. Mimi nikasukuma. Jengo letu zamani lilikuwa hospitali ya wagonjwa wa kifua, kwa hiyo milango yake ni mipana na lifti inachukua hata kitanda, na mgonjwa wetu alifika nafasini mwake dakika mbili kabla ya muda.

Majina huitwa kwa mpangilio wa herufi. Havenith alikuja kabla ya Kockartz. Kwetu mtu hujibu akiwa ameketi, lakini Roswitha alisimama.

"Hapana," akasema. Hakupiga kelele. Alilitamka taratibu, likafika hadi mlangoni nilipokuwa nimesimama.

Alipoitwa Kockartz, sauti haikutoka vizuri na spika akamwomba arudie. "Ndiyo," akarudia, akitazama meza. Majina yakaendelea hadi mwisho. Ndiyo kumi na tatu, hapana kumi na mbili. Upande wa ndiyo walipiga makofi, na mmoja akaenda kumpiga Leonhard bega, naye akamwambia amwache. Roswitha alikuwa amekaa, mikono magotini. Alilia, sitaficha, na hakujifuta. Nilisikia uchungu kama vile aliyeshindwa ni wa nyumbani kwangu, na mpaka leo sijui kama ningekuwa mbunge ningepiga upande gani. Gereon alipita karibu naye bila kumtazama, na Juni orodha ilitoka bila jina la Roswitha.

Jioni ile Roswitha aliniomba niwasindikize Aachen kukishika kiti kwenye kona. Njiani Leonhard alijaribu mara mbili.

"Rosi, sema kitu."

"Naendesha."

Tukafika. Katika ukumbi wa hospitali akakifunga kiti breki, akaja kusimama mbele yake, macho bado mekundu.

"Mwalimu, kuanzia leo hapana ya mtu mmoja haitoshi, sivyo?"

"Hiyo ndiyo maana ya mkataba."

"Na kulizuia jambo sasa wanatakiwa wangapi?"

"Nchi nne kwa uchache, na ziwe na watu wa kutosha."

"Sisi ni moja. Tunatafuta tatu."

"Tunatafuta? Rosi, nimekupiga saa moja iliyopita."

"Ndiyo maana naanza na wewe. Umeniondolea ile niliyokuwa nayo, sasa utanisaidia kuitengeneza nyingine. Una wanafunzi kila mahali, na huendi popote kwa wiki tatu."

Leonhard alicheka, halafu akashika nyonga yake, akaacha kucheka. Akanyoosha mkono kwangu, akitaka miwani yake iliyokuwa mfukoni mwa koti nililolishika.

"Luxembourg yuko Marechal," akasema. "Hesabu zilimshinda kabisa. Sasa ni meya."

"Unayo namba yake?"

"Ninayo."

"Mpigie."

"Sasa hivi? Sijala."

"Utakula ukimaliza," Roswitha akasema, akavuta kiti akaketi kando yake, na mzee akaanza kubonyeza namba.